Stuli zinazoingiana: kagua haya kabla ya kumlipa fundi

Msikilizaji, sebule ndogo ikipata wageni wengi, meza moja ya katikati haitoshi. Hapo ndipo stuli zinazoingiana husaidia: meza tatu au nne, kila moja ndogo kuliko mwenzake, zinazochomolewa chai ikiletwa na kurudishwa chini ya ile kubwa wageni wakiondoka. Mtindo huu ni wa zamani. Mwaka 1803 Mwingereza Thomas Sheraton aliieleza seti ya meza nne za namna hii katika kamusi yake ya useremala.

Kazi iko kwenye vipimo. Tuseme stuli kubwa ina upana wa sentimita 60 na kila mguu una unene wa sentimita 4. Katikati inabaki nafasi ya sentimita 52. Stuli ya pili ikiwa na upana wa sentimita 50, kila upande unabaki na sentimita moja tu. Miguu ikipinda kidogo, zinakwama.

Kinachopinda miguu mara nyingi ni mbao mbichi. Mbao zikikauka husinyaa kwa upana, kwa urefu ni kidogo sana. Matokeo yake uso wa stuli hupasuka na maungio hulegea, na wewe umeshalipa. Mninga husifiwa kwa sababu husinyaa kidogo, lakini nao lazima ukaushwe. Mafundi wengi huhesabu takriban mwaka mmoja kwa kila inchi ya unene, mbao zikipangwa kivulini na vijiti katikati ili hewa ipite.

Utajuaje kama zimekauka? Omba kipande cha mbao hizo, kipime kwenye mizani ya dukani, kiweke kivulini penye hewa wiki moja, kisha kipime tena. Uzito ukishuka waziwazi, bado ni mbichi.

Geuza pia stuli uangalie maungio. Mbele hakuna ubao wa kuunganisha miguu, maana ungezuia ndogo kuingia. Nguvu yote iko nyuma na pembeni. Hapo panatakiwa ulimi wa mbao ulioingia kwenye tundu na kutiwa gundi, si misumari pekee.

Mwisho, agiza mapema. Fundi wa Kwamsisi au Korogwe mjini akiambiwa harusi ni wiki ijayo, atatumia mbao alizonazo, kavu au mbichi.