Madhara ya Dawa: Kweli au Si Kweli?

Hata dawa halisi, isiyopitwa na wakati, inaweza kumdhuru anayeitumia. Lakini uzito wa dhara hupimwa, na swali la kama lingezuilika lina njia yake ya kujibiwa.

"Mkojo wa rangi ya chungwa ni dalili kuwa dawa za TB zinaharibu figo."
SI KWELI. Rifampisini, moja ya dawa za TB, hugeuza rangi ya mkojo, jasho na machozi bila kudhuru. Ukiacha dozi kwa hofu hiyo, TB inaweza kurudi ikiwa sugu. Cha kuogopa ni macho ya njano, kutapika na kukosa hamu ya kula: huenda ini limeathirika. Rudi kliniki siku hiyohiyo.

"Dhara linalouma zaidi ndilo zito zaidi."
SI KWELI. Kipimo cha uzito wa dhara kilichotolewa na watafiti Hartwig na wenzake mwaka 1992 kina ngazi 7, na hakiulizi maumivu. Kinauliza: dawa ilibidi isitishwe? Mgonjwa alilazwa? Alihitaji uangalizi mahututi? Amebaki na ulemavu? Amefariki? Mwasho unaokukosesha usingizi unaweza kuwa ngazi ya chini, ilhali figo zinazoharibiwa kimyakimya na dawa za maumivu zikawa ngazi ya juu.

"Madhara ni bahati mbaya tu."
SI KWELI kwa mengi. Mwaka huohuo wa 1992, watafiti Schumock na Thornton walitoa maswali ya kupima kama dhara lingezuilika: dozi ilifaa umri na uzito? Mgonjwa alikuwa na mzio unaojulikana? Dawa ziligongana? Vipimo vilivyohitajika vilifanyika? Isoniazidi, dawa nyingine ya TB, kwa mfano, huweza kuleta ganzi na kuwaka miguuni, na vitamini B6 huzuia hali hiyo.

"Madhara mengine hayazuiliki hata kila mtu akitimiza wajibu wake."
KWELI. Anayemeza dawa ya Septrin kwa mara ya kwanza huwa hajui kama ngozi yake itababuka. Ukiona malengelenge mdomoni, macho mekundu au ngozi inachubuka, acha dawa na uwahi hospitali. Kisha jina la dawa liandikwe kwenye cheti chako, nawe ulitaje kila unapoandikiwa dawa.

"Kuripoti ni kazi ya daktari."
SI KWELI. Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA) nchini Tanzania na Bodi ya Dawa na Sumu nchini Kenya hupokea taarifa za wagonjwa pia. Taja dawa, siku uliyoanza kuitumia na yaliyokupata. Dhara lisiloripotiwa humsubiri mgonjwa mwingine.