Je, Wajua? Kuizuru Kwale kwa Gari la Kukodi

Je, wajua kwamba msafiri anayekodi gari Mombasa, akavuka Likoni kwa feri na kuiacha barabara kuu ya Lunga Lunga pale Kombani, Matuga, hufika Hifadhi ya Milima ya Shimba, iliyotangazwa rasmi mwaka 1968, ambako huishi palahala, yaani swala mkubwa mwenye pembe ndefu zilizopinda kuelekea nyuma, asiyepatikana porini kwingine nchini Kenya? Kusini zaidi, karibu na Diani, ipo Kaya Kinondo, msitu mtakatifu wa Wadigo ulioingizwa na UNESCO katika Urithi wa Dunia mwaka 2008 pamoja na kaya nyingine za Wamijikenda, ambamo wageni huingia kwa miguu wakiongozwa na mwenyeji, wakiwa wamejifunga kaniki, yaani kitambaa cheusi. Mgeni na azingatie taratibu hizo kikamilifu.