Mpanda Farasi na Maumivu Yake (Sehemu ya Pili): Shahidi Anayestahili Kuhojiwa

Waswahili husema mpanda farasi wawili hupasuka msamba. Kusema kweli, hata anayempanda mmoja tu huumia mahali palepale katika siku zake za mwanzo. Misuli ya ndani ya mapaja hukaza kwa hofu, na kesho yake asubuhi mwanafunzi hushuka ngazi akijishikilia ukutani. Katika sehemu ya kwanza ya makala haya nilieleza jinsi mwili wa mtu unavyokaa juu ya mgongo wa farasi, na jinsi uzito unavyoshuka kutoka makalioni hadi kwenye kikuku anachokanyaga. Leo nashika hoja moja tu. Maumivu na mikasa ya mpanda farasi yana mafunzo, lakini hayafundishi yenyewe. Maumivu ni shahidi. Huja na habari ya kweli, ila habari hiyo huwa nusu, na hakimu asiyemhoji shahidi hutoa hukumu mbovu.

Tuanze na huo msamba. Jibu la haraka ni kwamba misuli haijazoea, na kwa wiki za mwanzo jibu hilo latosha. Lakini mtu akipanda miezi sita na bado mapaja yanamuuma vilevile, hapo pana neno jingine. Mara nyingi huwa anabana kwa magoti ili asianguke. Goti linalobana halimshikilii mpandaji. Humsukuma juu, kama kipande cha sabuni iliyolowa kinavyochoropoka mkononi kikiminywa. Akishainuka kwenye tandiko hutafuta pa kujishikiza, na kilicho karibu ni hatamu. Hatamu zikivutwa, lijamu hukandamiza kinywa cha farasi. Farasi huinua kichwa, mgongo wake hubonyea, na mwendo wa mchakamchaka uliokuwa laini huwa wa kurusharusha. Mpandaji hurushwa zaidi, naye hubana zaidi. Kwa hiyo maumivu ya paja ni ncha moja ya kamba ambayo ncha yake ya pili imo kinywani mwa mnyama. Anayejipaka dawa ya kuchua na kurudi tandikoni bila kuuliza lolote atarudi na maumivu yaleyale, na farasi wake vivyo hivyo.

Au chukua kiuno kinachouma upande mmoja. Kwa desturi farasi hupandwa kutoka upande wake wa kushoto, desturi ambayo husemwa ilitokana na askari waliovaa upanga ubavu wa kushoto. Kila mtu anapopanda kwa kukanyaga kikuku, uzito wake wote huning'inia kwa nukta chache kwenye ukanda wa ngozi wa upande huo. Ngozi hunyooka. Baada ya miezi, kikuku cha kushoto huwa kimeshuka chini ya mwenzake kwa upana wa kidole, tofauti ambayo jicho haliioni mpaka kanda zote mbili zivuliwe na kulazwa sambamba mezani. Mwili, hata hivyo, umeshaiona siku nyingi. Mpandaji amekuwa akijipinda bila kujua ili mguu uufikie ukanda uliorefuka, na uti wa mgongo umekuwa ukilipa. Ndiyo maana watunza farasi makini huhamisha kanda hizo upande hadi upande mara kwa mara, na huweka kijukwaa cha kupandia. Hapo shahidi alisema kweli tupu, lakini aliyekuwa akiangalia kiuno peke yake asingeugundua ukanda.

Ushahidi mkubwa zaidi wa hoja hii unatoka Denmark. Lis Hartel alikuwa bingwa wa nchi yake katika dresaji, yaani mashindano ambamo farasi huonyesha hatua na mizunguko ya madaha kwa ishara za mpandaji ambazo mtazamaji hatakiwi kuziona. Mwaka 1944, akiwa na umri wa miaka 23 na mjamzito, aliugua polio. Alijifungua salama na akajizoeza upya kutumia viungo vyake kimoja kimoja, lakini kuanzia magotini kwenda chini miguu haikurudi. Kwa mpanda farasi huo ni msiba wa pekee, maana mguu wa chini ndio unaomgusa farasi ubavuni kumwambia aende, ageuke au abadili hatua. Hartel alipandishwa tandikoni na watu, na ilimbidi atafute lugha nyingine ya kuzungumza na farasi wake jike, Jubilee. Aliipata kwenye uzito na mgongo. Kukaza kiuno kidogo, kuegemea kidogo mfupa mmoja wa kalio, kulegeza: hizo ndizo zikawa amri zake. Mwaka 1952, kwenye Olimpiki ya Helsinki, wanawake waliruhusiwa kushindana katika dresaji kwa mara ya kwanza, baada ya miaka mingi ya mchezo huo kutawaliwa na maofisa wa jeshi. Hartel alitwaa medali ya fedha. Mshindi wa dhahabu, Henri Saint Cyr wa Sweden, alimsaidia kufika jukwaani. Miaka minne baadaye alishinda fedha tena, safari hii mjini Stockholm, ambako mashindano ya farasi yalifanyika kwa sababu sheria za karantini za Australia zilizuia farasi wa kigeni kuingia Melbourne.

Somo la kisa hiki halipo hapo wengi wanapolitafuta. Husemwa kwamba Hartel alishinda kwa sababu ya moyo mgumu. Moyo alikuwa nao, lakini moyo mgumu hauzungumzi na farasi. Alichofanya ni kuuliza kilichobaki kinaweza kufanya nini, na akagundua kwamba uzito na mgongo vinasema kwa ufasaha ambao wenye miguu mizima huufunika kwa mateke. Ugonjwa ulimnyima njia ya mkato. Leo, walimu wengi huwavua wanafunzi wazima vikuku na kuwazungusha na farasi kwa kamba ndefu, bila hatamu mkononi, ili nao wanyimwe njia hiyo kwa nusu saa.

Hapa msomaji mwenye akili atapinga, na ana haki. Atasema Hartel alikuwa bingwa kabla ya kuugua, alikuwa na farasi wake na watu wa kumpandisha, na kwamba visa vya aina hii husimuliwa na walionusurika. Wale ambao maumivu hayakuwaacha na cha kujifunzia hatuwasikii. Pingamizi hili ni zito na sitalipita juu juu. Mei 1995, huko Culpeper katika jimbo la Virginia, mwigizaji Christopher Reeve alikuwa akiruka vizuizi katika mashindano. Alivaa helmeti na fulana ya kinga. Farasi alisita ghafla mbele ya kizuizi cha tatu, Reeve akatupwa mbele, mikono ikanaswa kwenye hatamu, akatua kwa kichwa. Pingili mbili za juu kabisa za shingo zilivunjika. Alipooza kuanzia shingoni, akaishi hivyo mpaka alipofariki mwaka 2004. Kumwambia mtu wa namna hiyo kwamba maumivu ni mwalimu ni ukatili. Ndiyo sababu nimekataa neno mwalimu tangu mwanzo. Mwalimu hupanga somo kulingana na uwezo wa mwanafunzi. Ajali haipangi chochote.

Lakini pingamizi hilo halibomoi hoja, bali huipanua. Ikiwa aliyeumia hawezi tena kumhoji shahidi, basi kazi hiyo inawaangukia waliobaki. Mwaka 1999 wapandaji watano walifariki nchini Uingereza katika mashindano ya aina ileile, ya kuvuka nyika kwa mwendo wa shoti. Uchunguzi uliofuata ulielekeza vidole kwenye aina moja ya mwanguko hasa. Vizuizi vya nyika, tofauti na vijiti vya uwanjani vinavyodondoka vikiguswa, vilikuwa magogo yaliyokazwa yasitikisike. Farasi akigonga gogo kwa sehemu ya juu ya miguu ya mbele, mwili wake hupinduka na kumwangukia mpandaji kwa uzito wa nusu tani. Kutokana na elimu hiyo zilibuniwa pini zinazokatika zikipigwa kwa nguvu ya kutosha, gogo likashuka na farasi akapata nafasi ya kuokoa miguu yake. Machi 2010, Courtney King-Dye, aliyeiwakilisha Marekani katika dresaji kwenye Olimpiki ya 2008, alianguka Florida baada ya farasi kujikwaa. Hakuvaa helmeti, desturi ya dresaji ilikuwa kofia nyeusi ndefu ya heshima. Fuvu lake lilipasuka na akawa hajitambui kwa wiki kadhaa. Kampeni iliyoanzia hapo ilichukua zaidi ya miaka kumi kuishinda ile kofia: shirikisho la kimataifa la michezo ya farasi lililazimisha helmeti katika dresaji kuanzia 2021. Naona uchungu kuandika kwamba ilichukua muda wote huo.

Pingamizi la pili linatoka kwa wapandaji wenyewe, nalo ni la fahari: ukianguka, panda tena papo hapo, la sivyo hofu itakukaa. Wanaolisema hutaja Olimpiki ya Roma ya 1960. Bill Roycroft wa Australia, mwenye miaka 45, alianguka na farasi wake Our Solo siku ya nyika, akavunjika mtulinga. Farasi wa mwenzake mmoja alikuwa ameshatoka mashindanoni, na bila Roycroft timu ingepoteza kila kitu. Alitoka hospitalini, akapandishwa, akaruka vizuizi vyote bila kuangusha hata kimoja, na Australia ikachukua dhahabu. Ni kisa cha kusisimua na sitaki kumpunguzia yule mzee heshima yake. Hata hivyo nauliza: tunajifunza nini humo kuhusu kupanda farasi? Tunajifunza kwamba mtu anaweza kunyamazisha mwili wake kwa siku moja kwa ajili ya wenzake. Hiyo ni sadaka, si elimu. Tena mtulinga uliovunjika hujulikana kwa kuonekana. Ubongo uliotikisika hauonekani, na kiungo kinachotakiwa kuamua kama mtu yuko sawa ndicho kilichopigwa. Ndiyo maana kanuni za leo za kimataifa humwondoa mashindanoni anayeanguka, katika uwanja wa kuruka na katika nyika pia. Mficha maradhi kifo humuumbua, na kwenye zizi la farasi walioficha kizunguzungu ili wasikose mbio ni wengi mno. Kuhusu hofu, ni kweli hukaa. Lakini hofu haiondoki kwa kulirudia gogo lilelile mtu akiwa na maruweruwe. Huondoka kwa kuanza na kijiti kilicholala chini, kisha kilichoinuliwa kiasi cha kifundo cha mguu, siku baada ya siku, mpaka mgongo uache kukaza wenyewe.

Limebaki shauri ambalo mimi huliona zito kuliko yote. Anayezoea kuupuuza mwili wake huzoea kuupuuza na ule ulio chini yake. Mwaka 2018 daktari wa mifugo Sue Dyson na wenzake walichapisha orodha ya dalili 24 za kuangalia farasi akiwa amepandwa: masikio yaliyolazwa nyuma kwa muda, kinywa kinachoachama, mkia unaopigwapigwa, jicho linalokodoa, kwato zinazoburuzwa. Dalili nane au zaidi zikionekana pamoja, uwezekano ni mkubwa kwamba mnyama ana maumivu ya misuli au mifupa. Nyingi kati ya hizo ndizo ambazo kwa vizazi zimeitwa ukaidi, na dawa yake ikawa mjeledi. Juma lijalo nitazichukua dalili hizo moja moja, nikianza na mkia.