Kiti cha Kulishia Mtoto: Kikague Kwanza, PIN Baadaye

Mtoto akifikisha miezi sita, nyumba hubadilika. Kabla ya hapo ni maziwa ya mama pekee, kama Shirika la Afya Duniani linavyoshauri. Baadaye kunaingia viazi vitamu vya kupondwa, ndizi, malenge, uji, na swali jipya: ataketi wapi akila? Wengi wetu tulilishwa mapajani mwa nyanya na tukakua tu vizuri, kwa hivyo hakuna anayelazimika kununua kiti. Lakini kama umeamua, basi pesa zako zipate kiti ambacho mtoto hatakianguka.

Na usinunue kwa sababu ya tarehe. Mwangalie mtoto mwenyewe. Shingo imekaza? Anakaa wima kwa msaada kidogo tu? Kama bado anaegemea upande, subiri, hata kama mtoto wa jirani alianza mapema.

Kiti hiki hutumika miaka miwili hivi, kisha kinawekwa stoo. Ndiyo maana vilivyotumika vimejaa kwenye makundi ya wazazi ya WhatsApp na kurasa za Facebook, na vingine viko sawa kabisa. Hatuoni aibu yoyote ya mtumba hapa. Ukipenda cha mbao, fundi wa Ngong Road au wa mtaani kwenu atakuundia, ila mwambie mapema kuhusu mikanda, maana fundi anaweza kukupa kiti imara kama kabati na kisiwe na kitu cha kumshika mtoto.

Mikanda ndiyo tungeangalia kabla ya rangi, kabla hata ya bei. Bora ni ile ya pointi tano: miwili mabegani, miwili kiunoni na mmoja katikati ya miguu. Huo wa katikati watu huupuuza, kumbe ndio unaomzuia mtoto asiteleze chini ya trei hadi shingo ikwame. Trei hubeba chakula, si kazi yake kumshikilia mtoto. Kwa hivyo funga kila kifungo, vuta kwa nguvu, fungua, rudia. Kikiachia mara moja, achana nacho hata kikiwa bei poa. Kisha tikisa kiti. Miguu iwe imepanuka chini kuliko juu. Kikiwa cha kukunjwa, hakikisha kinajifunga kisijikunje mtoto akiwa ndani, na kikiwa na magurudumu, breki zishike. Pitisha kidole kwenye mishono pia: uji uliokauka wa mwaka jana hujificha huko.

Sasa pesa. Ujumbe huu pengine unaujua: “Kuna watu watatu wanakitaka, tuma elfu moja nikushikie.” Hiyo ni presha, na presha ndiyo biashara ya tapeli. Kiti kikiwepo kweli, muuzaji atakubali mkutane mahali pa watu wengi, ukikague, kisha ulipe hapo hapo. Kama wewe uko Kitale na kiti kiko Nairobi, omba akupigie simu ya video akifunga mikanda na kukitikisa mbele yako, halafu mkubaliane ulipe ukikichukua ofisi ya mizigo. Akikataa yote mawili, umeshapata jibu.

Kabla ya kuthibitisha malipo, soma jina linalotokea. Ukiambiwa unalipa duka na jina ni la mtu usiyemjua, simama uulize. Kuna wanaodhani kwamba mambo yakiharibika wataomba tu muamala urudishwe. Huduma hiyo iliwekwa kwa ajili ya aliyekosea namba, na mpokeaji akishatoa pesa kwa wakala, kuzipata ni kazi ngumu. Na hakuna mtu, hata anayejiita wa huduma kwa wateja, anayehitaji PIN yako ili akurudishie chochote.

Ukiwa wewe ndiye unayeuza, usiachilie kiti kwa sababu mnunuzi amekuonyesha ujumbe kwenye simu yake, au kwa sababu SMS imeingia kwako kutoka namba ya kawaida. Angalia salio lako kwanza. Mnunuzi wa kweli atangoja dakika hiyo moja.

Kiti kikishafika nyumbani, kiweke mbali na jiko, na mbali na meza au ukuta ambao mtoto anaweza kuusukuma kwa miguu akajirusha nyuma. Mfunge mikanda kila mara, hata kama ni vijiko vitatu tu vya malenge. Ule ujumbe wa malipo usiufute hadi umekitumia wiki kadhaa: una jina, tarehe na namba ya muamala, na kifungo kikikatika siku ya tatu, hapo ndipo mazungumzo na muuzaji yataanzia.