"Mwalimu, wewe umeiona?"

KILA mwaka huandika ubaoni kwamba Andromeda ni galaksi kubwa iliyo jirani na yetu, yenye mikono iliyojikunja kama gamba la konokono, na kwamba nuru yake husafiri miaka milioni 2.5 kabla ya kutufikia. Siku moja mtoto wa kike akanyoosha mkono: "Mwalimu, wewe umeiona?"

Sikuwa nimeiona. Nilibaki na chaki mkononi.

Desemba 2023, wakati wa likizo, nilivuka Kagitumba pamoja na wafanyabiashara na mizigo yao. Wangu ulikuwa kamera ya kuazima na stendi yake ya miguu mitatu. Nililala Mbarara. Mji huo ulipandishwa kuwa jiji mwaka 2020, na taa zake zilifuta karibu nyota zote. Kesho yake nikaenda Nakivale, makazi ya wakimbizi nilikozaliwa na kusoma hadi tuliporejea Rwanda mwaka 1995. Leo yana zaidi ya watu laki moja, wengi wao Wakongo, lakini bado ziko pembe ambako giza ni giza kweli.

Saa mbili usiku nilielekeza kamera kaskazini. Kabla sijapiga picha hata moja, wanaume wanne walinizunguka na tochi.

"Unapima ardhi yetu?"

Niliwaelewa. Mkimbizi hulima shamba asilo na hati. Akiona chombo cha miguu mitatu, hufikiri anahamishwa.

"Hapana, wazee wangu. Mimi ni mtoto wa hapa. Napiga picha ya nyota."

Niliwaonyesha doa hafifu, kama moshi uliosimama. Mwaka 964 al-Sufi, mtaalamu wa nyota wa Uajemi, aliliandika kitabuni kuwa ni wingu dogo. Miaka ya 1920 ndipo Edwin Hubble alipothibitisha kwamba liko nje kabisa ya galaksi yetu.

Kwa kuwa dunia inazunguka, kamera ikiachwa wazi muda mrefu nyota hugeuka mistari. Nilipiga picha za sekunde 8, moja baada ya nyingine, hadi 200. Kila moja peke yake ilikuwa karibu nyeusi. Baadaye programu ya kompyuta ilizipanga moja juu ya nyingine, nuru ikajumlishwa. Muda wote huo, karibu nusu saa, wanaume wale walizima tochi zao na kuwazuia watoto wasije na taa.

Picha yenyewe si ya kujivunia: yai la nuru lenye kiini cheupe. Mikono ya konokono haikuonekana. Nilipoibandika darasani, yule mtoto aliitazama, akasema, "Mbona ndogo?"

"Ni ndogo," nikamjibu. "Lakini sasa nimeiona."

Nawe unayesafiri usiku na mzigo wako, Desemba mwezi ukiwa haujatoka, tazama kaskazini. Hiyo haitozwi ushuru.