Je, Wajua? Programu Nayo Huugua Kama Mgomba

Nondo ndani ya kompyuta
Tarehe 9 Septemba 1947, mafundi wa kompyuta ya Harvard Mark II, Marekani, waliifungua kutafuta hitilafu, wakamkuta nondo, yule kipepeo wa usiku, amenasa ndani. Walimbandika kwa utepe kwenye daftari la kazi, na hadi leo yumo humo, kwenye makumbusho! Daftari ndilo la kuiga: kosa lililoandikwa halikusumbui mara mbili.

Mabadiliko 1,000, majaribio 10
Programu ilikuwa nzima mwezi uliopita, leo imegoma, na tangu hapo imebadilishwa mara 1,000. Jaribu toleo la katikati, weka kando nusu isiyo na shida, gawa tena. Ukifika jaribio la 10, kosa limebaki peke yake. Fundi bomba anajua: ukilifungua katikati bomba lililoziba, unajua mara moja uelekee upande gani.

Roketi iliyovaa nguo za mdogo wake
Tarehe 4 Juni 1996, roketi ya Ulaya Ariane 5 iliharibika sekunde kama 40 tu baada ya kuruka. Sehemu ya programu yake ilichukuliwa vilevile kutoka Ariane 4, roketi yenye kasi ndogo. Namba moja ikazidi 32,767, kikomo cha nafasi yake: pipa la lita 200 likamiminwa kwenye debe la lita 20. Cha kuazima kijaribiwe upya.

Chipukizi hurithi ugonjwa
Ndizi za kibanjani hazioteshwi kwa mbegu. Kila mgomba ni nakala ya mama yake. Ndiyo maana mnyauko bakteria, uliogundulika Muleba, mkoani Kagera, Tanzania, mwaka 2006, uliutia hofu mkoa mzima, na watafiti wa kilimo wa Maruku husisitiza miche safi na panga lililosafishwa. Msimbo, yaani maagizo ya programu, ni vivyo hivyo: ukibandika wenye kosa mahali 20, una makosa 20. Uandike mara moja, uuite popote unapouhitaji. Ukiutibu, umetibu shamba zima.

Kutoka Kenya hadi Haiti
Ushahidi, programu ya kukusanya taarifa za wananchi kwenye ramani, ilitengenezwa kwa ajili ya Kenya Januari 2008, ndani ya siku chache, wakati wa ghasia za baada ya uchaguzi. Msimbo wake uliachwa wazi kwa wote. Tetemeko lilipoipiga Haiti Januari 2010, saa chache tu zilitosha ramani ya waokoaji kuanza kazi. Mche safi huota hata ng'ambo ya bahari!