Samadi Kavu Si Samadi Iliyoiva

Leo nazungumza hasa na wewe unayesaidia kazi katika bustani ya mboga ya pamoja, iwe ni hapa Lodwar karibu na mto Turkwel, iwe ni Kakuma au Kalobeyei.

Bustani hizi si geni kwetu. Kambi ya Kakuma ilianza mwaka 1992, na kwa miaka mingi watu huko wamepanda sukuma wiki na mchicha ndani ya magunia ya udongo, kwa sababu gunia halihitaji maji mengi. Wengine huchimba vitanda vilivyozama ili maji yasikimbie. Mahali pasipotumika mbolea ya dukani, tegemeo ni samadi ya mbuzi. Ni jambo jema, na mbuzi tunao. Lakini msaidizi ndiye hupewa kuibeba na kuitawanya, na hapo ndipo nataka tusikilizane.

Mtu huitazama samadi ya zizini iliyopigwa na jua la Lodwar, akaona imekauka na haina harufu, akasema imeiva. Sivyo. Samadi huiva kwa kuoza, nayo haiozi bila unyevu. Jua letu huikausha kabla haijaoza, na vijidudu vya kuhara vinaweza kubaki humo. Kwa hiyo ichanganye na majani makavu na mabaki ya mboga, inyunyizie maji yaliyosuuzia mboga, ifunike kwa magunia, na uigeuze kila wiki. Rundo likioza vizuri hupata joto ndani, na joto hilo ndilo huua vijidudu. Baada ya miezi mitatu hivi utaiona nyeusi, inapukutika mkononi, inanukia kama udongo baada ya mvua. Usiongeze majivu mengi, maana udongo wetu sehemu nyingi una chumvi tayari.

Hata ikiiva, vijidudu vya pepopunda havifi kwa urahisi. Hukaa udongoni miaka mingi vikingoja kidonda. Na sisi ua letu ni matawi ya mathenge, yenye miiba mnayoijua! Vaa viatu, hata akala za tairi zafaa kuliko nyayo tupu. Ukichomwa, osha kwa maji mengi na sabuni, funika kwa kitambaa safi, uende kituo cha afya. Mama mjamzito, usikose sindano ya pepopunda kliniki, kwa sababu inakukinga wewe na mtoto atakayezaliwa. Kitovu cha mtoto kisipakwe samadi, majivu wala udongo. Tumia tu dawa uliyopewa na muuguzi.

Kabla ya kunyonyesha nawa mikono kwa sabuni, mpaka chini ya kucha. Mtoto akae kivulini na mtu wa kumwangalia, mbali na rundo. Gunia lililobeba samadi si mkeka wa mtoto, hata ukilikung'uta namna gani.

Wadudu wakivamia kunde, maji ya majani ya mwarobaini yaliyopondwa husaidia. Ila usimnyweshe mtoto mafuta ya mwarobaini, hata kidogo. Yamewahi kuwaletea watoto wachanga degedege na hata kifo.

Sasa mboga zenyewe. Mtoto chini ya miezi sita anatosheka na maziwa ya mama peke yake. Akifika miezi sita, muoshee majani ya kunde au mchicha kwa maji safi, uyapike yalainike, uyaponde na kuchanganya na chakula chake. Tone la mafuta husaidia mwili kupokea vitamini A, na maji ya limau husaidia kupokea madini ya chuma yanayoongeza damu. Chai usimpe, kwa maana huyazuia hayo madini.

Mtoto akiharisha, endelea kumnyonyesha, mpe maji ya ORS, na umpeleke kituoni apewe vidonge vya zinki. Ukiona damu kwenye choo, macho yamezama, au amelegea na hawezi kunyonya, usingoje kesho.

Wiki ijayo tutazungumza juu ya kutibu maji ya kunywa nyumbani. Kwaherini.